Mstari wa Wanja kwenye Boila

Mwezi uliopita ulinifikia ujumbe wa simu kwamba mama mmoja wa Kipemba, mkaazi wa hapa Edmonton, London, ametutoka. Aliugua tangu mwanzo wa mwaka, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na safari hiyo hakurudi. Hakuwa ndugu yangu wala shoga wa kupeana siri. Tulikutana arusini, misibani na ndani ya basi, kila mmoja na mikoba yake. Lakini anayenisoma siku nyingi anajua kuwa mimi si mwepesi wa kuamini watu, na yule mama ni mmoja wa wachache walionizidi. Maziwa aliyanusa hata kama yamenunuliwa asubuhi ileile, na daktari akimwambia hana neno, alitaka aambiwe na mwingine.

Kilichomtia wasiwasi kuliko vyote ni boila, lile sanduku jeupe la jikoni linalochoma gesi ili radieta za kupasha nyumba zipate moto na maji ya kuogea yachemke. Wengi wetu humkumbuka fundi siku ya kwanza ya baridi kali, pamoja na London nzima, tukaambiwa tusubiri. Yeye alimwita mara baridi inapovunjika, mwezi wa nne au wa tano, mafundi wakiwa hawana haraka. Na hata hapo hakuwaamini. Mwaka mmoja nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, fundi akaingia jikoni, akakaa kidogo, akatoka akisema yote sawa. Mkwewe akamfasiria: "Mama, keshamaliza. Kasema ni ya kuangaliwa tu, haina tabu." Mama akaenda akainama mbele ya boila, akarudi. "Hakufungua," alisema. Mkwewe akamuuliza kajuaje. "N'lipaka mstari wa wanja pale mfuniko unapokutana na sanduku. Wanja uko vilevile, haukukatika. Na wewe mwanangu, mtu akikwambia 'tu', mtazame mara ya pili." Fundi alirudishwa akiwa keshafika mlangoni, akapewa chai, na mama akasimama nyuma yake mpaka mfuniko ukatoka. Kibomba cha kutolea maji kilikuwa kimeziba kwa uchafu.

Tangu siku ile neno "tu" nalitilia shaka popote ninapolisikia. Ni mafua tu. Weka sahihi hapa tu. Ni neno dogo la kumbembeleza mtu alale. Kwetu moto tuliuona kwa macho. Jiko la makaa likifuka moshi, macho huwasha na mtu hutoka nje bila kuambiwa. Hapa moto umefichwa kabatini, na ukiwaka vibaya hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hewa hii haina wingu. Nasi kwa kuikimbia baridi tunaziba matundu ya hewa kwa kanga kuukuu, na kengele ya kututahadharisha na sumu hiyo ikilia wakati tunafukiza udi, tunaitoa betri. Nimeyaona haya katika nyumba za watu ninaowaheshimu, wengine wana shahada ukutani.

Siku ya khitma ya yule mama, wanawake tulijaa jikoni mwake tunapakua chakula, na kengele ikalia. Binti yake, ambaye ndiye anayeishi mle na watoto wake, akapanda kiti aitoe betri, macho yamemvimba kwa kulia. "Udi tu huo, dada," aliniambia. Nikamshika mkono, nikaomba chetezo kitolewe nje kwanza na madirisha yafunguliwe. Wenzangu walinitazama vibaya, na mmoja akasema, "Huyu naye kesharithi." Kengele ikanyamaza, tukafunga madirisha, tukarudi kwenye shughuli. Maji ya moto yakafunguliwa kuoshea sahani, boila ikawaka, na chetezo kikiwa bado uani, kengele ikalia tena. Niliogopa, nakiri. Tuliizima boila, tukawatoa watoto waliokuwa wamelala juu, tukapiga simu. Fundi wa dharura alikuta bomba la kutolea moshi limeachana kwenye kiungo na hewa chafu inarudi ndani. Akauliza boila ilitazamwa lini mara ya mwisho. Binti alisimama uani kwenye manyunyu, mtoto mdogo begani. Akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, "Mama ndiye aliyekuwa akiwaita." Mwaka huu baridi ilivunjika mama yuko hospitali.

Tulimwita mwenye wasiwasi, na wengine walisema ni maradhi. Sasa naona kwamba katika kila nyumba yuko mmoja anayeshuku kwa niaba ya wenzake, nao humwona msumbufu kwa sababu hawajawahi kukaa bila yeye. Wajukuu wale walilala fofofo miaka yote kwa kuwa bibi yao hakumwamini mtu. Bibi hayupo tena, na mle ndani lazima mwingine aanze kutoamini.