Siku Mbili za Kuchelewa

Machimboni walimwita Mama Kijiko, kwa ajili ya mashine aliyoiendesha. Marehemu mumewe ndiye aliyelichukua lile dude la manjano la kuchimbia mawe. Kampuni iliyolitengeneza ilikuwa na tawi lake la mikopo: unakabidhiwa mashine, unaifanyia kazi, unalipa kila mwezi kwa miaka mitano, mwisho inakuwa yako. Mume alilipa miezi minane, akafa.

Shemeji zake walimshauri alirudishe.

"Mwanamke na kijiko, wapi na wapi?"

Alipanda, akaanza kujifunza, na siku ya kwanza akaangusha ukuta wa choo cha wachimbaji. Watu walicheka hadi wakachoka wenyewe. Yeye aliendelea.

Rejesho lilitakiwa tarehe tatu. Mwezi mmoja alikwama, na tarehe tano simu ikalia.

"Shikamoo mama. Ni afisa wa mikopo, nakukumbusha tu rejesho."

"Marahaba, mwanangu. Natuma leo."

"Haya. Na mashine inaendeleaje? Na wewe mwenyewe, hujambo?"

Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu waanue matanga.

Tangu hapo pesa alikuwa nazo tarehe mosi, ila alizikalia mpaka tano. Simu ililia, wakazungumza mvua, oili inayovuja, mgongo wake unaouma. Dakika nne, siku nyingine tano. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha watu wawili na kiti kimoja. Alikikalia kiti hicho akiwa amenawa uso, kama anayengoja mgeni.

Marejesho yakaisha. Kadi ya umiliki ililetwa na mtu wa pikipiki: tia sahihi hapa, mama, kwaheri. Tarehe tano iliyofuata simu haikulia. Wala ile iliyofuata baada yake.

Mwaka huohuo ikatangazwa kazi ya barabara, na mwenye kuichukua lazima awe na greda. Mama Kijiko akafunga safari hadi ofisi ya mikopo, ghorofa ya pili. Hakuwa amemaliza kujieleza kwa dada wa mapokezi pale mwanamume wa meza ya pembeni alipoinua kichwa.

"Mama! Sauti hiyo naijua!"

Alikuwa mtu mzima kuliko sauti yake, mwenye kipara kilichoanza. Alimvutia kiti, akafungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Kadiri alivyosoma, tabasamu likawa linapungua.

"Kwa hali hii, kamati itataka utangulize nusu ya bei."

"Nusu? Mimi nimelipa mpaka senti ya mwisho!"

"Umelipa, sikatai. Lakini umechelewa mara hamsini, mama. Siku mbili mbili. Na mita ya kijiko, ile inayotutumia saa za kazi, inaonyesha kazi ilikuwepo tele. Pesa ulikuwa nazo. Kwa nini?"

Mama Kijiko alitazama kucha zake, zenye grisi isiyotoka kwa sabuni.

"Nilikuwa nangoja unipigie."

Yule bwana alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha.

"Mama, ile ni orodha tu. Napiga simu themanini kwa siku." Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi.

"Najua, baba. Hata hivyo uliuliza vizuri."

Yule bwana alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akarudi kazini.

Nusu ya bei haikupatikana. Kazi ilikwenda kwa mkandarasi mwenye greda tatu, naye akakodi kijiko cha mama kuchimba mitaro. Miezi minne alifanya kazi na vibarua arobaini waliomwamkia kila asubuhi. Saa ya chakula walijikusanya kivulini, wakitaniana kwa kelele, na hakuna aliyethubutu kumkaribisha mwenye mashine. Naye hakujua mtu huanzaje kujikaribisha. Alikula juu, kibandani mwa kijiko, mlango wazi, akiwasikiliza.