Hereni za Tomalini Alizozichagua Koleta

Wifi yangu Koleta ana wivu, jamani! Si wa mume. Kaka yangu tulimzika zamani. Koleta anamwonea wivu mchumba wa mwanawe, binti wa watu ambaye hajamkosea lolote.

Alipofiwa alibaki na Wilbard, mtoto wake wa pekee, na kishamba cha tangawizi huku kwetu Mamba. Alipalilia naye mgongoni, akamsomesha kwa tangawizi hiyohiyo. Masikio ametoboa tangu usichana, ila hereni hajawahi kununua. Matundu ameyachomeka njiti za ufagio yasije yakaziba.

Basi Wilbard akamleta Agape, Msabato wa Suji. Koleta akamkaribisha chai ya majani, imekolea. Binti akaomba kwa adabu mchaichai, maana majani kwao hawanywi. Weee! Tangu siku hiyo sina amani.

"Wifi, chai yangu ina sumu?"

"Si dini yao tu, wifi?"

"Dini gani! Huyu kaja kunichukulia mwanangu."

Agape akija na "shikamoo mama," anajibiwa "marahaba" huku Koleta anatazama kuku.

Harusi ilipokaribia, Wilbard akatuambia tushuke naye Same. Anataka kununua hereni za vito vya tomalini, na mama yake ndiye atakayechagua. Koleta akaitikia vizuri, lakini mimi namjua. Kwenye gari akaninong'oneza, "Mimi kitenge, yeye vito! Nimenyonyesha mtoto aje amvishe mwingine?"

"Wivu utakuua, wifi."

"Na uniue."

Dukani, dada mmoja anaitwa Nasrin alitandaza kitambaa cheupe, akatuwekea jozi mbili. Jozi ya kwanza ilikuwa ya kijani, kama jani la mgomba baada ya mvua. Ya pili ilikuwa vijiwe vidogo vimefifia, na kimoja kina ufa unaoonekana bila kutafuta.

"Mama," Wilbard akasema, "chagua zile ambazo moyo wako unazipenda."

Koleta akaziinua zile za kijani mlangoni, kwenye jua. Akazitazama mpaka nikadhani amesahau kilichomleta. Kisha akazirudisha haraka.

"Hizi zina makeke. Chukua hizo ndogo."

"Mama, bei isikutishe. Nimejipanga."

"Umenileta nichague au nikusindikize?"

Nikamfinya. Akanipiga kiwiko. Wilbard akalipa, uso umemshuka, na Nasrin akatutazama kama watu wasio na akili. Njia nzima ya kupanda milima Koleta aliimba pambio. "Nimemweza," akaniambia sikioni.

Harusi ikafungwa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi wakwe zetu wako ibadani. Sherehe ikawa uani kwa Koleta. Kwetu bwana harusi humfunga mama yake kitenge mbele za watu, kumshukuru kwa malezi. Koleta akasimama, akafungwa kitenge, vigelegele vikapigwa. Wilbard akatoa kiboksi mfukoni. Mimi nikamtazama Agape na gauni lake jeupe, nikaona masikio yake matupu, hata tundu hayana.

Mungu wangu! Wasabato hawavai hereni! Tumezaliwa nao, tunazikana nao, nani asiyejua hilo huku Upareni? Koleta wivu ulimziba macho, na mimi kelele zake zikaniziba masikio.

"Mama," Wilbard akasema, "Agape aliniambia, mama yako asisimame kwenye harusi yetu na njiti masikioni. Nikaona nisikuchagulie. Uchague mwenyewe unachokipenda."

Agape mwenyewe akasogea, akazichomoa zile njiti polepole asimuumize. Wilbard akamvisha vile vijiwe vilivyofifia, kimoja huku, chenye ufa kule. Watu wakashangilia. Koleta machozi yakamtoka, na shemeji wa Suji aliyekuwa karibu akasema, tazama furaha ya mama.

Nikamvuta pembeni. Roho iliniuma kwa ajili yake, siwezi kuficha.

"Pole, wifi. Zile za kijani zilikuwa zako."

"Hizo achana nazo," akajibu, anakipapasa kile chenye ufa. Macho yake yalikuwa kwa Agape, aliyekuwa anawamiminia wageni chai. "Umemsikia Wilbard lakini? Miaka yote ananiona na njiti, hakusema kitu. Kumbe hata wazo hili si la mwanangu. Ni la yule."