Mamdogo Hilda na Kitabu cha Nne cha Malkia Kaniki

"Mamdogo, huyu mwanamke unampendea nini wakati ni muuaji?"

Nilikuwa darasa la sita. Mamdogo Hilda, mdogo wake mama, alikuwa kibarazani kwake kijijini Yakobi, mguu kwenye chereheni, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Alinituma nikamletee uzi mweusi.

Mwanamke mwenyewe ni Malkia Kaniki. Alimtilia baba yake sumu ili mji upone. Mji ukapona, kisha akautawala kwa majini, maana alishaonja utamu wa kuogopwa. Vitabu vyake vilikuwa vinne. Dulla, muuza mitumba wa Makambako, alivileta pamoja na marobota ya makoti, akamwonya mamdogo asivisome akiwa peke yake. Wafanyabiashara husema chochote.

Mimi nilivisoma kwa kuiba, na baada ya hapo hadithi za shuleni zikanishinda. Humo mwanamke mwema analia kurasa mia, anavumilia, anakufa, halafu tunaulizwa tumejifunza nini. Nimejifunza nisiwe yeye.

Sasa Mama Mektilda. Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na husali kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Ukiumwa anakuja kukuombea, na kuangalia una sufuria ngapi. Kila mwaka kina mama wa kigango, kanisa letu dogo, hushonesha sare mpya kwa sikukuu ya mtakatifu somo wao, na kazi hiyo ilikuwa ya mamdogo. Ndiyo iliyomlipia chumba. Angeikosa, angerudi Ludewa kwa wajomba zangu, wanaume wazima wanaosubiri mgodi wa Liganga ufunguliwe tangu sijazaliwa, na wakati wakisubiri wanatafuta mtu wa kuwapikia.

Siku moja kwenye jumuiya, mbele ya watu wote, Mama Mektilda alisema mikono inayofunua vitabu vya kishetani haiwezi kushona nguo za kuingia nazo kanisani. Vitenge apewe mpwa wake Janeth, ambaye hajawahi kushona suruali ikalingana miguu. Vitabu navyo akabidhiwe yeye avikague, kisha vichomwe. Watu wakaitikia amina. Watu wetu huitikia amina hata kwa tangazo la mbuzi aliyepotea.

Mamdogo alivikabidhi. Vitatu. Cha nne kilibaki chini ya chereheni, kimefunikwa na mabaki ya vitambaa.

Ukaguzi ulichukua Kwaresima nzima. Moshi hatukuuona. Mama Mektilda akaanza kusinzia kwenye rozari, macho mekundu, na sisi tukaambiwa anafunga na kukesha. Ijumaa moja, ukungu umejaa mpaka mlangoni, akaja amejitanda blanketi, akatukuta mimi na mamdogo.

"Kamwene, Hilda," akasalimia, akakaa kabla ya kukaribishwa. Akazungumzia baridi. Akazungumzia viazi. Mwishowe akasema ukaguzi haujakamilika, kwa kuwa kazi ya shetani lazima ijulikane inaishia wapi.

"Umefika wapi?" mamdogo akamuuliza.

"Pale mdogo wake anapomfungia kisimani." Alinitazama, akashusha sauti. "Anatoka?"

Mamdogo akakata uzi kwa meno. "Vitenge viko kwa Janeth, Mama Mwenyekiti."

Mama Mektilda akamwambia huo ni ubaya. Mamdogo akakubali kwamba ni ubaya, akaendelea kushona.

Jumapili ikatangazwa kwamba Hilda ametubu. Vitenge vikarudi, na kitabu cha nne kikaondoka kikiwa kimeviringishwa ndani ya blanketi lilelile. Siku ya kuchoma tukauzunguka moto uliokuwa unakula magazeti ya zamani ndani ya mfuko wa saruji, tukaimba. Mamdogo aliimba kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeona gazeti likichungulia kwenye mfuko, nikabaki namwangalia Mama Mektilda akifuta machozi.

Sasa niko kidato cha nne. Mama Mektilda bado ni mwenyekiti, bado anatuonya vijana kuhusu vitabu, na vile vinne hajavirudisha. Juzi nilikuwa namsaidia mamdogo kukata shingo za sare za mwaka huu. Akaweka mkasi chini, akaongea kana kwamba nilimuuliza asubuhi ile ile.

"Ulitaka kujua nampendea nini. Yule akiua anasema nimeua. Hasemi Mungu kanituma."