Nilivyounga taa ya nje kwenye taa ya choo, mama mkwe akaita mtaa mzima

Habari zenu wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachoandika kimenipata mwenyewe, hapa hapa Chapwa, Tunduma. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Iko hivi.

Nyuma ya nyumba nina banda la kuku. Kuku wakaanza kupungua, na si mimi niliyekuwa nawala. Nikasema dawa ni taa ya ulinzi. Nikavuka upande wa Nakonde, nikapata floodlight moja ya LED. Muuzaji Mzambia akaniambia, "Ba mudala," yaani mzee, "hii ukiwasha jogoo atawika." Nikaona huyu ndiye anayeelewa shida zangu.

Mke wangu akasema niite fundi umeme.

Fundi wa nini wakuu? Mimi nilishawahi kubadilisha plagi ya pasi, na pasi ikapata moto. Basi tangu siku hiyo najiona injinia.

Sasa, ukuta unaotazama banda ni wa choo chetu cha ndani. Nikawaza, kwa nini nivute waya kutoka mbali wakati taa ya choo iko pale pale? Nikazima main switch (hapo akili ilikuwepo), nikafungua holda ya taa ya choo, nikaunga waya zangu, nikatoboa ukuta chini ya dari, nikazitoa nje mpaka kwenye taa. Nikazungushia tape nyeusi hadi ile sehemu ikafanana na kidole kilichokatwa na panga.

Nikarudisha umeme, nikawasha swichi ya choo.

Wakuu, nje palikuwa kama mchana! Kuku walitoka bandani wakidhani kumekucha. Nikajipigia makofi.

Mke wangu akaja. Akazima swichi, giza. Akawasha, mwanga. Akaniangalia.

"Baba Ima, kwa hiyo mtu akienda chooni mtaa mzima utajua?"

Nikamwambia kesho nitarekebisha.

Jioni hiyo hiyo mama mkwe akaingia kutoka Ileje, amekuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Kwa wasiojua, huku kwetu mkwe haheshimiwi nusunusu. Tukisalimiana mimi naangalia chini, yeye anaangalia kalenda ukutani. Hata mboga ikikosa chumvi hatuambiani. Sembuse habari za choo!

Giza limeingia, tumekaa sebuleni tunasubiri ugali. Mama akanyanyuka polepole, akajifunga khanga vizuri, akaelekea huko. Mke wangu akanikodolea macho. Mimi nikakodolea TV.

Swichi ikalia ta! Uwani mwanga ukalipuka. Mbwa wa jirani wakaanza.

Dirisha la choo ni dogo na halina pazia. Mama akaona anamulikwa, akazima taa haraka asionekane. Na ule mwanga wa nje ukazima. Akawasha, nao ukawaka. Akazima, nao ukazima.

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa yule mama tangu nioe:

"Jamaniii! Kuna mtu dirishani ananimulika! Nikizima anazima, nikiwasha anawasha! Ananifuatisha!"

Kufumba na kufumbua uwani pamejaa. Jirani yetu Baba Sara ana panga, mke wake ana mchi, mwingine amekuja na mwiko bado una ugali. Wakapekua migomba, wakapekua banda, kuku wakatawanyika upya. Mama naye akatoka na ndoo ya choo mkononi, tayari kwa vita.

Mara getini akaonekana bodaboda mmoja, tochi ya simu inawaka.

"Huyo! Na tochi yake hiyo!"

Wakamkunja shati. Masikini anapiga kelele, "Nimeleta kikapu cha bibi! Alikisahau kwenye pikipiki!" Nani amsikilize? Baba Sara ameshainua panga ubapa.

Hapo utani uliniisha. Nikaona mtu anakwenda kuumizwa kwa sababu ya waya zangu. Nikakimbia ndani nikawasha swichi. Uwani peupe. Nikazima. Nikawasha tena. Watu wote wakaganda.

Nikatoka, nikaongea na viatu vyangu: "Mama, naomba unisamehe. Hakuna mtu. Hiyo taa ya nje nimeiunga kwenye ya choo. Ukiwasha huko, inawaka na huku."

Wakamwachia bodaboda shati lake.

Mama akaniuliza, "Baba, kwa hiyo muda wote ule watu walikuwa wananiona?"

"Hapana mama. Walikuwa wanajua tu uko wapi."

Wakuu, sijui lile jibu lilitoka wapi. Baba Sara alicheka panga likamdondoka. Mama alijikaza, akaweka khanga mdomoni, mwisho akakaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. Bodaboda aliombwa radhi, akaingizwa ndani, akala ugali mbele ya kila mtu.

Kesho yake nikaita fundi. Akaniambia kwenye holda nilichukua umeme ambao umeshapita kwenye swichi, ndiyo maana taa ya nje ilikuwa mtumwa wa choo. Akachukua laini kabla ya swichi, akaweka swichi yake peke yake, akaunga na waya wa earth, na ile tape yangu akaitupa bila kuniaga. Akasema mvua ya kwanza tu ningepigwa shoti ukutani.

Nilichojifunza: pasi si nyumba. Ukiambiwa uite fundi, ita fundi, na ukisema kesho, hakikisha mkwe hafiki leo.

Kipaimara kilipoisha mama akaaga. Safari hii hakuangalia kalenda. Akanishika mkono akasema, "Baba, mje Ileje mtusalimie. Ila taa zetu usiziguse."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama na wewe umewahi kumuaibisha mkwe kwa ufundi wa kujifunzia nyumbani, njoo tufarijiane. Wa kunicheka pia mnaruhusiwa, mke wangu ameshaanza.