Nyumba Zetu Tisa Ziliandikwa Stoo

Nimewahi kuambiwa mbele ya ukumbi uliojaa watu kwamba nyumba niliyolala usiku uliopita haikaliwi na mtu.

Usicheke. Soma kwanza.

Mimi ni fundi viatu. Nililelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, kwenye vyumba viwili vya kichochoro chetu. Nyumba tisa, choo kimoja. Asubuhi ni foleni, na heshima inawekwa kando.

Siku moja tukakuta bango mwanzo wa kichochoro. Yanapendekezwa maghorofa sita ya makazi pamoja na barabara ya kuingilia. Mwenye pingamizi alilete kwenye kikao, ukumbi wa shule ya msingi.

Nikaifuata barabara hiyo kwa kidole kwenye ramani iliyochorwa kwenye bango. Ilipita juu ya kitanda cha mama mkubwa.

"Wataniweka wapi mimi?" akaniuliza.

"Hakuna wa kukutoa, mama. Sheria inasema anayeishi pale lazima asikilizwe. Niachie mimi."

Kichochoro kizima kilinitegemea, maana mwenye kalamu ni mimi. Nikaandika pingamizi kurasa nne. Muuza mkaa akaweka dole gumba. Mshona nguo akasaini mpaka karatasi ikatoboka.

Siku ya kikao tulikaa mstari wa mbele. Afisa wa mipango miji alikuwa dada mmoja mpole, miwani imemshuka puani. Alisoma pingamizi letu lote bila kuruka neno. Nikaona tumeshapona.

Kisha akafungua faili.

"Nyie mnaishi wapi hasa?"

"Hapo hapo!" muuza mkaa akadakia. "Miaka ishirini sasa."

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha hapo hakuna nyumba ya kuishi. Kuna stoo tisa."

Ukumbi ukalipuka.

"Stoo? Watoto wangu wanne nimewazalia stoo?" mshona nguo akafoka.

Mtu wa mwekezaji wa yale maghorofa alikuwa anachezea simu yake tu. Hakuwa na haja ya kusema kitu.

Mimi nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Miaka kumi na moja nyuma walipita watu wa kuandikisha nyumba. Ikavuma habari kwamba nyumba ya kuishi isiyo na choo chake itafungwa. Majirani wakashika vichwa. Nikajifanya mjanja, nikawaambia, "Niachieni mimi." Nikajaza fomu zote tisa kwa mkono wangu, kila moja nikaandika stoo. Wakasaini bila kuuliza.

Hakuna aliyekuja kutufunga. Wiki nzima nilisifiwa, na siri nikabaki nayo tumboni.

"Poleni sana," afisa akasema, na kweli alikuwa na huruma. "Pingamizi la wakazi linatoka kwa wakazi, na hapo sina mkazi hata mmoja. Njooni mwone wenyewe."

Majirani wakasogea mezani. Mama mkubwa naye akajikongoja. Hajui kusoma, lakini mwandiko wangu anaujua, maana barua zake zote namwandikia mimi.

Akaigusa ile fomu. Uso ukamng'aa.

"Mbona huu ni mwandiko wa mwanangu!" akatangaza. "Jamani, tumepona. Kumbe alishatuandikia zamani!"

Mshona nguo alinitazama, halafu akatazama chini. Nilitamani anitukane.

Mradi ulipitishwa siku hiyo hiyo. Leo mimi na mama mkubwa tumepanga chumba kimoja, mbali sana na watu aliowazoea. Bado ananiuliza kama ile karatasi yetu imejibiwa. Namwambia bado, mama.

Ndugu yangu, watu wakikuaminia kalamu yao, andika ukweli, hata kama unawatia hofu leo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka kumi na moja. Sasa imewekwa lami, na malori mawili yanapishana pale palipokuwa na kitanda cha mama mkubwa.