Induru Iliyofunga Milango

Harufu ya nguo inayoungua hunirudisha Gitega mpaka leo, hata ikitoka kwenye pasi ya jirani. Baba alikuwa fundi cherehani katika mtaa wetu wa Waislamu, na kiangazi kile cha vita alishona kanzu za Idi mchana tu, maana jua likianza kushuka kila mtu alijifungia ndani. Cherehani aliirithi kwa babu, na ndiyo iliyotulisha sote. Alasiri moja upepo ukarusha kaa la pasi kwenye rundo la vipande vya kitambaa, na kabla baba hajageuka karakana ilikuwa inawaka.

Mama alitoka uani akapiga induru, ule ukelele wa kuomba msaada ambao kwetu, tangu zama za mababu, huwatoa watu majumbani mbio. Siku ile uliwaingiza. Nilisikia milango ikikomewa mmoja mmoja, na waliokaa pembezoni wakatokomea migombani. Majuma machache nyuma induru kama hiyo ilitangulia risasi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama akapaza sauti, "Ni moto! Ni moto!" Lakini nani angemwelewa akiwa chini ya kitanda, ameziba watoto midomo?

Baba alinishika mkono tukakimbilia ofisi ya mji. Pale palikuwa na mapipa ya mchanga yaliyopakwa rangi nyekundu, na mpira mrefu wa maji ambao sikuwahi kuuona umekunjuliwa. Lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi alitutazama kwa huruma isiyosaidia kitu.

"Patron iko Itaba, mzee. Ufunguo iko naye."

"Na moto iko inangoja patron?" baba alifoka. Itaba ilikuwa mbali, na bila mkubwa yule wa ofisi hakuna aliyeweza kufungua.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga; wakubwa wetu tahadhari yao ilikuwa kufungia mchanga usiibiwe. Tuliporudi, paa lilikuwa limeangukia cherehani. Ndipo Mama Zubeda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akatoka na ndoo. "Dada, unisamehe. Mi nilisikia induru, nikajua vita imefika." Nami nilimchukia mwanamke yule kwa muda mrefu, chuki ambayo kwa haki ilikuwa ya mwenye ufunguo.

Baada ya hapo wanawake wa mtaa walikubaliana: risasi zikilia, kimya, moto ukiwaka, piga sufuria. Sisi tulihamia Muyinga, mama akaenda na kanuni hiyo akaieneza huko. Baba akawa mbeba mizigo mpakani Kobero. Mgongo uliozoea kuinamia sindano ukainamia magunia, na hakushona tena hadi anakufa.

Vita imekwisha zamani, na sasa nina duka langu hapa Muyinga. Mwaka jana duka la mkabala lilishika moto. Vijana wakapiga namba ya dharura iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Wakaambiwa gari la zimamoto liko mji mwingine, wavumilie. Nikachukua sufuria nikaipiga kwa mwiko. Milango ikafunguka, na wanawake wa rika langu wakatoka na ndoo bila kuuliza neno. Tuliuzima. Watu walinipongeza, nami nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira, masizi mikononi, nikimfikiria baba. Miaka yote hii, na ufunguo bado uko Itaba.