Vyoo Viwili Mpakani

Mimi napika mbege. Nimeipika tangu mume wangu alipofariki, kwenye banda lililo ubavuni mwa nyumba yangu, huku juu ambako asubuhi isiyo na ukungu unauona mji wa Moshi wote chini na mashamba ya Kahe kule mbele yake. Ndizi ni zangu, za kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Naziivisha, nazimenya, nazichemsha mpaka ziwe nyekundu, naziacha zichachuke, nachuja, halafu nachanganya na uji wa kimea cha ulezi tunaouita mso. Sijawahi kumvuta mtu mkono. Wanakuja wenyewe, watu wazima na akili zao, wanakaa kwenye mabenchi, wanakunywa, wanapiga soga, wanarudi kwao kabla giza halijakolea. Nayasema haya mapema kwa sababu huwa naulizwa, tena na watu waliosoma, kama sioni aibu. Sioni.

Bwana afya alikuja wakati wa kiangazi. Kijana wa umri wa mwanangu wa pili, mpole kupita kiasi. "Shikamoo mama," akasema. Nikajibu marahaba, na baada ya hapo sikuwa tena na nguvu ya kumfokea. Wangenitumia mkorofi ningejua la kufanya naye.

Alizunguka banda, akachungulia jikoni, akaniambia mambo mawili. La kwanza, nijenge vyoo viwili vya sakafu ya saruji, cha wanaume na cha wanawake, mbali na jiko. La pili, kila mnywaji awe na kikombe chake. Kata ya kupokezana ikome. Bila hivyo nisitegemee kibali kingine cha kuuza pombe.

Kata ni kibuyu kilichokatwa kikaachiwa mkono wa kushikia. Mimi niliyepika naonja kwanza mbele ya watu, waone sijatia kitu. Kisha nampa aliye mkubwa kuliko wote, naye akishakunywa anampa anayemfuata, inazunguka hivyo mpaka inanirudia. Ndivyo mbege inavyonyweka. Nikamwambia hivyo.

"Mama, kuna kifua kikuu," akasema.

"Najua kuna kifua kikuu. Na wao wanajua. Unadhani hawa ni watoto? Mtu akiamua kunywa kata moja na jirani yake aliyekua naye, hiyo ni hiari yake."

"Sawa. Na akienda kumwambukiza mjukuu nyumbani, huyo mjukuu naye aliamua?"

Swali lile nalichukia mpaka leo, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Kwa hiyo mtu asije akasema mimi nabisha kila kitu. Choo ni kitu cha maana. Wanaume walikuwa wakiishia migombani, na nilishawapigia kelele kabla serikali haijafikiria kuja. Kinachonikera ni kwamba aliyeandika sheria ile alikuwa na kiwanja kikubwa kichwani. Hajawahi kuona kihamba kilichogawiwa ndugu, kikagawiwa tena. Kwangu juu kuna jiko. Chini kuna mfereji ambao maji yake wanakunywa ng'ombe wa watu. Upande wa kushoto kuna migomba na kaburi la mume wangu. Ulikuwa umebaki upande wa kulia tu, kwenye mpaka wangu na shemeji, yalipopandwa masale.

Masale ni mmea wa majani marefu, mmoja tunauita isale. Kwetu ndiyo ukuta, ndiyo hati ya shamba, na jani lake ndilo unalompelekea mtu ukitaka akusamehe. Fundi alipima, akapima tena, akasema tukiyasogeza masale machache hatua moja tu upande wa pili, vyoo vyote viwili vitaingia vizuri. Shemeji alikuwa kwa binti yake Sanya Juu wakati ule. Hatua moja. Nilikuwa na haraka ya kibali, nikajiambia shemeji ataelewa, nikamwambia fundi asogeze.

Huyu shemeji ni kaka wa marehemu mume wangu. Tulipotoka kuzika, kuna ndugu walianza kuulizana mjane atafanya nini na ardhi yote ile, yote ile, eti, nikiwa nawasikia. Ni yeye aliyesema, "Atapika mbege, na mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza." Akawa. Mwisho wa benchi karibu na mlango palikuwa pake, na aliyekaa hapo aliinuka mwenyewe bila kuambiwa.

Aliporudi kutoka Sanya Juu alikuja kusimama mpakani. Akayashika yale majani yaliyosogezwa, akaviangalia vyoo, akageuka akaenda zake. Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda kunywa kwenye kilabu kingine, ng'ambo ya mfereji. Nilikuwa naiona kofia yake ikipita juu ya ua wangu, inakwenda, inarudi. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Kuna siku niliacha ndizi zikaungulia chini kwa sababu ya kusimama dirishani kuisubiri kofia ile.

Vikombe nilinunua, vya plastiki, vya kijani na vyekundu. Kata nikaitundika ukutani. Wateja wakanisema vya kutosha. "Mama, hii ni mbege au dawa ya minyoo?" Mwingine alikunywa huku ameinua kidole kidogo kama yuko hotelini, watu wakacheka mpaka machozi, nami nikacheka ingawa nilikuwa nimekasirika. Baadaye baadhi yao wakaanza kuuvuka ule mfereji kumfuata shemeji. Huko kata ilikuwa bado inazunguka, maana bwana afya alikuwa hajafika. Mwenye kutii ni mimi, mwenye kukimbiwa ni mimi.

Mwisho nikashindwa. Nikachuma jani la isale, moja, la katikati, nikaenda kwake asubuhi kabla hajatoka.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

Nikampa jani kwa mikono miwili. Isale haikataliwi, hata na mtu uliyemuulia ng'ombe. Akalipokea, akaligeuzageuza.

"Nimepokea," akasema. "Lakini ulinivunjia heshima watu wakiona. Tupatane watu wakiona. Jumapili baada ya misa, kwako. Kata moja."

"Shemeji, kata wameikataza."

"Wamekataza kuuza au wamekataza kupatana?"

Nikasema Jumapili karibu.

Jumapili banda lilijaa. Hata waliohamia ng'ambo walirudi, wengine kwa aibu, wengine kwa umbea. Na kabla shemeji hajafika, nikasikia pikipiki. Bwana afya. Alikuwa amesema angekuja kukagua vyoo, na alichagua Jumapili kwa kuwa ndiyo siku ya watu. Akaingia cha wanaume, akaingia cha wanawake, akamwaga maji sakafuni kuona yanaelekea wapi, akatoka anatabasamu. "Mama, hapa umefanya kazi." Akakaa kwenye benchi akiwa na karatasi zake mapajani.

Shemeji akaingia na koti la kanisani, isale imechungulia mfukoni. Nikaitungua kata ukutani, nikaifuta, nikaijaza.

"Mama," bwana afya akasema, kwa sauti ya chini.

Nilijua kabisa kilichokuwa mbele yangu. Nikirudisha kata ukutani, namfukuza shemeji mbele ya watu kwa mara ya pili, na hapo hakuna jani litakalonisaidia tena. Nikiinywa, nafungiwa banda na mtu aliyeniamkia shikamoo.

"Mwanangu," nikasema, "hii siuzi."

Wazee wote wakamgeukia. Naye ni mtoto wa huku, isale anaijua. Akaiangalia mfukoni mwa koti, akaniangalia mimi, akainuka. "Ngoja nikaangalie pikipiki," akasema. Akaenda kusimama nje, akaitazama pikipiki isiyokuwa na tatizo lolote.

Nikaonja, nikampa shemeji. Akanywa, akanirudishia, nikanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimeshavuka, nikadhani.

Shemeji akafuta mdomo, akanishika mkono, akasema kwa sauti yake nzuri ile ya siku tuliyozika: "Basi shemeji, yameisha. Sasa masale yarudi mahali pake."

Mahali pake ni chini ya ile saruji. Kila mtu alisikia, na kila mtu alijua kwamba ukishakunywa kata ya kupatana huwezi kurudi nyuma. Nikiwa bado nimeishika kata, bwana afya akaingia na kibali kimeshasainiwa. "Hongera mama. Vyoo vyako nitavitolea mfano kwa wenzako." Nikamshukuru. Ningefanya nini kingine?

Tangu siku hiyo nimehangaika, maana vyoo vikivunjwa kibali nacho kinakwenda. Nilimwomba shemeji aniuzie ile hatua moja. Hakukasirika hata kidogo. Alisema ardhi ni ya ukoo, yeye ameshikilia tu, na akiachia mpaka leo wanawe kesho watauliza kwa nini wao hawawezi kuachia nusu. Nilimpigia simu bwana afya, nikamuuliza kama vyoo vinaweza kukaa karibu na jiko kidogo. "Mama, natamani ningeweza," akasema, na nilisikia kwamba kweli anatamani. Wote wananipenda, na hakuna anayeniachia.

Zamani nilikuwa mtu wa maneno mengi kuhusu hiari. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba serikali ikiondoka uani kwangu, nitapumua. Sasa najiuliza ningepumulia wapi. Akiondoka bwana afya yupo shemeji, akiondoka shemeji upo mfereji, na ukiuacha mfereji lipo kaburi. Nimezungushiwa ua na watu wema.

Shemeji alisema atasubiri masika, kwa kuwa masale hushika vizuri ardhi ikilowa. Mimi nikawa naomba mvua ichelewe. Mkulima naomba mvua ichelewe, fikiria.

Jana usiku imenyesha. Leo asubuhi nimemkuta mpakani amevaa viatu vya mvua, ana sururu begani na kifurushi cha masale kwapani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Alisimama katikati ya milango miwili, akasubiri kwa adabu, maana vyoo ni vyangu na hawezi kuvigusa mpaka niseme.

"Tuanze na kipi?" akauliza.

Nikakitazama cha wanawake, nikakitazama cha wanaume. Toka nianze biashara hii hakuna mtu aliyewahi kuniachia nichague hivyo, bila haraka, bila kunisemea.

"Anza na cha wanaume," nikasema. Nikaenda bandani kumchotea mbege. Vikombe vilikuwa pale mezani, safi, vimepangwa. Nikaitungua kata.